Rangi Ile Haikuwa Dawa

Nilimwahidi Osea Simkonda kwamba jibu la kipimo cha ulimi wake atalisikia kwangu kwanza, kabla ya daktari, kabla ya mkewe, na kabla ya jirani yeyote pale sokoni Tunduma. Ilikuwa mchana, tumekaa kwenye benchi la zahanati, yeye mdomo wake ungali na ladha ya siki, mimi glavu zangu zimechafuka bluu. Alitaka neno langu, nikampa. Ahadi hiyo niliitimiza. Ninawaandikia ninyi vijana mnaotoka vyuoni na kupangiwa maabara za wilaya, ili mjue kwamba mtu anaweza kutimiza ahadi yote kama alivyoitoa, na bado isimfae chochote yule aliyeahidiwa.

Osea alikuwa dalali wa mahindi na maharage. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya mkulima aliyeshusha magunia kutoka Mbozi na mnunuzi aliyevuka mpaka kutoka Nakonde, na kuwakutanisha kwa maneno mpaka wakubaliane bei. Biashara ilikuwa imefunguliwa miaka michache nyuma, na mji ulikuwa unafumuka kila upande. Malori yalipanga foleni hadi nje ya mji, na kila aliyejua kusema alipata riziki. Osea alijua kusema kuliko wote. Alikuwa na Kinamwanga cha kwao, Kibemba cha wateja wake, na Kiswahili cha kuwatania wafanyabiashara waliotoka pwani. Ukipita sokoni ulimsikia kabla ya kumwona, akiwapa wateja "mukwai" yao, neno la heshima la Kibemba: "Maharage ya Mbozi haya, mukwai! Yanaiva kabla mkwe hajavua viatu!"

Wakati huo huku kwetu kulikuwa bado Mkoa wa Mbeya. Jina la Songwe tulilitumia kwa mto tu. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu, nimejaa imani. Niliamini kwamba watu wanakufa kwa sababu hawajapimwa, na kwamba nikiwafikia na kipimo, nimewafikia na uhai. Nilikuwa msomi wa aina ile inayofuta meza ya maabara mara tatu na kumkasirikia anayeweka kikombe cha chai juu yake.

Mkuu wangu wa maabara, Mzee Mwampashi, ndiye aliyekuwa akiweka kikombe hicho. Alikuwa karibu kustaafu, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuwa na desturi ya kupandisha sauti. Siku daktari wa meno kutoka hospitali ya rufaa alipotuletea kichupa cha unga wa rangi ya bluu na kutufundisha namna ya kuutumia kutafuta saratani ya kinywa mapema, mimi nilishindwa kulala kwa furaha. Mzee Mwampashi aliutazama ule unga, akauliza swali moja tu.

"Hii rangi haitoki kwenye shati?"

"Haitoki, Mzee," nikamjibu.

"Basi watu wataipenda."

Nilicheka, kwa sababu nilidhani anatania.

Niwaeleze kipimo chenyewe, maana huenda mlipo bado kinatumika, na hata pale ambapo wameleta taa maalumu za kumulika kinywa, akili ya kazi ni ileile. Mgonjwa anasukutua kwa maji, halafu kwa siki iliyozimuliwa sana, ili kuondoa mate na mabaki ya ugali. Kisha unakausha mahali panapotia shaka kwa pamba, unapaka rangi ya bluu, unasubiri kidogo, na mgonjwa anasukutua tena kwa siki. Nyama nzima huiachia rangi ikaondoka. Nyama ambayo seli zake zimeanza kuharibika huing'ang'ania. Unabaki unaona alama ya bluu iliyokoza, na hiyo ndiyo inakuonyesha mahali pa kuchunguza.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Kidonda cha kawaida nacho hushika rangi. Mahali palipoungua na uji wa moto hushika rangi. Kwa hiyo ukiona bluu usitamke saratani. Unamwachisha mtu ugoro, jino lenye ncha linalomkwaruza linasawazishwa, na unamrudisha baada ya wiki mbili. Pakishika tena, unakwangua kwa kijiti bapa, unasambaza ulichokwangua kwenye kipande chembamba cha kioo, unakitumbukiza katika spiriti hapohapo kabla hakijakauka, na unakwenda kukisoma kwa hadubini. Baka ambalo lina sura mbaya tangu mwanzo unalikwangua siku hiyohiyo, usisubiri. Na hata hadubini haihukumu. Anayehukumu ni yule anayekata kinyama kidogo na kukisoma, na wakati ule huyo alikuwa hospitali ya rufaa, Mbeya.

Jina la mgonjwa kwenye kioo liandikeni kwa penseli. Hili nilifundishwa na Mzee Mwampashi siku ya kwanza, nilipotoa kalamu yangu nzuri ya wino.

"Rudisha mfukoni," aliniambia. "Wino ukiingia kwenye spiriti unalewa. Ukilewa unasahau jina la mgonjwa. Penseli ni mlokole, haiguswi."

Kule Kamsamba, kwenye joto la bondeni, tulijifunza jingine: spiriti inapotea. Unafika asubuhi na chupa imejaa, mchana unakuta imepungua na vioo vya juu vimekauka. Tulianza kutumia chupa zenye mfuniko wa kukaza, tukazifunika kwa kitambaa chenye maji na kuziweka kivulini. Nilijiona bingwa. Kila tatizo la kipimo lilikuwa na ufumbuzi wake, na mimi niliupata. Tatizo ambalo sikupata ufumbuzi wake halikuwa ndani ya chupa.

Siku tuliyompima Osea tulikuwa tumekuja Tunduma kwa ajili ya wapakiaji na madalali, kwa kuwa wengi wao walikuwa watu wa ugoro. Foleni ilikuwa ndefu na yenye kelele. Ilipofika zamu yake alikaa kwenye kiti kama mtu anayekwenda kunyolewa.

"Kaka Osea, ugoro unauweka wapi?"

"Chini ya ulimi, huku kushoto. Sigara inataka mkono, dokta, na mikono yangu iko kwenye magunia. Ugoro haunisumbui. Unakaa tu kama mpangaji mwema."

Mimi sikuwa daktari, lakini huku kwetu kila mwenye koti jeupe ni dokta, na nilikuwa nimechoka kusahihisha.

"Umeuanza lini?"

"Kabla hujajua kuvaa suruali."

Foleni ikaangua kicheko. Nami nilicheka, nikaushika ulimi wake kwa kipande cha shashi na kuuvuta pembeni. Upande wa kushoto, karibu na chini, palikuwa na baka jeupe lenye uwekundu katikati, gumu kidogo kwenye kidole. Aliponiambia kwamba haliumi hata kidogo, furaha ya siku ile ikanitoka. Kumbukeni hilo: kidonda cha mdomoni kinachouma kinamleta mtu hospitali chenyewe, kibaya ni hiki kinachonyamaza.

Nilipaka. Akasukutua, akatema. Ulimi wote ukarudi rangi yake isipokuwa pale. Pale pakabaki bluu kama doa la wino kwenye daftari. Nikakwangua, nikaweka kwenye kioo, nikaandika jina kwa penseli.

"Haya, umenipaka," akasema. "Nimepona?"

"Hapana, kaka. Hiki ni kipimo, siyo dawa. Sijakutibu kitu chochote. Nimeweka alama tu, kama fundi cherehani anavyopiga chaki kwenye kitambaa kabla ya kukata."

"Fundi akishapiga chaki," akawageukia wenzake, "nguo imekaribia!"

Wakacheka tena. Nikamshika mkono ili anitazame. Nilimwambia aache ugoro, arudi kwangu hospitali ya wilaya baada ya wiki mbili, na kwamba nitakuwa nimekwisha kukisoma kioo chake. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika, na kwa mara ya kwanza akazungumza kwa sauti ya chini.

"Nisikilize, mdogo wangu. Mimi nakula kwa ulimi huu. Watoto wangu wanasoma kwa ulimi huu. Kukiwa na neno baya, usimpe mtu mwingine aniletee. Uniambie wewe, tena kwanza."

"Nakuahidi."

"Mbele ya Mungu?"

"Mbele ya Mungu, kaka Osea."

Akasimama, akaitoa sauti yake ya sokoni, akawaambia waliobaki kwenye foleni wasiogope, haichomi. Wakampisha apite, na kila mtu akamwomba aonyeshe ulimi.

Ili muelewe kilichofuata lazima niwaeleze jambo moja ambalo hata chuoni halikufundishwa. Hakuna mtoto aliyekulia huku, wa Hasamba, wa Ileje, wa wapi, ambaye hakuwahi kupakwa jivii. Jivii ni ile dawa ya maji ya zambarau ambayo manesi waliipaka kwenye vinywa vya watoto wenye utandu na kwenye vidonda vya kila aina. Mama akimleta mtoto anayelia, mtoto anatoka na mdomo wa zambarau, na baada ya siku chache ananyonya tena. Watu wazima wa leo walikuwa watoto hao. Katika kumbukumbu zao zote, mtu wa hospitali akikupaka rangi mdomoni, amekutibu. Sisi tulikuja na koti lilelile, pamba ileile, na rangi inayokaribiana na ileile, tukasema kwa maneno kwamba hii siyo dawa. Maneno yalitoka. Rangi ilibaki.

Mwanzoni tulichukulia kama kichekesho. Kijijini Hasamba, mama mmoja mzee alinipangia wajukuu wake mstari. "Wapake na hawa, baba, wasije wakaugua nikiwa sipo." Nikamweleza kirefu kuwa watoto hawana haja ya kipimo hiki. Alinisikiliza kwa heshima zote, akaitikia kila sentensi, kisha akasema, "Basi wapake kidogo tu." Kamsamba, mfugaji mmoja aliniuliza kama ninaweza kumwachia nusu chupa kwa ajili ya ndama wenye vidonda vya midomo. Nilimwambia ni kipimo. Akasema, "Hata ndama wapimwe." Jioni tulirudi tukicheka ndani ya gari mpaka dereva akasimamisha.

Mzee Mwampashi hakucheka. Aliuliza, "Na wale walioshika rangi, wangapi wamerudi?"

Tulijua kwamba hawarudi. Wenye vinywa safi ndio waliorudi, wakitaka kupakwa tena.

Kioo cha Osea nilikisoma asubuhi iliyofuata siku ya kumpima. Seli nzuri za ulimi ni kama vigae vilivyopangwa na fundi mwenye subira: bapa, kila moja na kiini kidogo katikati. Nilichokiona kilikuwa vurugu. Viini vimevimba, vyeusi, vimebanana, kila kimoja na umbo lake. Nikampisha Mzee Mwampashi. Aliinama kwenye hadubini muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akainama tena.

"Huyu ni nani?"

"Dalali wa Tunduma. Yule mwenye sauti."

"Bado mapema," alisema. "Mwite. Bado ni mapema kabisa, kijana wangu."

Hilo ndilo nimeshindwa kulisahau. Kipimo kilifanya kazi. Kila nilichojifunza chuoni kilikuwa kweli. Tulikiona kitu kikiwa kidogo, kikiwa bado hakijamuuma mwenyewe, wakati wa kukatwa kipande kama punje ya harage na kurudi kazini. Mnaposikia watu wakisema saratani hugunduliwa kwa kuchelewa kwa sababu hakuna vipimo, mjue kwamba mimi nilikuwepo mahali ambapo kipimo kilikuwepo na hakikuchelewa.

Kwa ahadi yangu sikuweza kumtuma mtu, nikangoja siku niliyompangia. Wiki mbili zikapita, Osea hakutokea. Nikasubiri kidogo, kisha nikapanda gari la mizigo nikamfuata.

Nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa juu ya marundo ya magunia, anawatania wanunuzi wawili, mikono hewani. Aliponiona akaruka chini na kunikumbatia.

"Jamani, huyu ndiye dokta wangu! Huyu ndiye aliyeniponya!"

Mdomo wake ulikuwa wa zambarau. Nilimvuta nyuma ya magunia, mbali na watu.

"Kaka, toa ulimi."

Akautoa bila wasiwasi. Ulikuwa umepakwa wote, kutoka ncha hadi ndani, tabaka juu ya tabaka. Hata kama ningekuwa na rangi yangu na siki yangu mfukoni nisingeweza kusoma kitu.

"Nani amekupaka?"

"Mimi mwenyewe. Ulipoishia wewe, nimeendeleza. Nilikwenda duka la dawa baridi, dada akaniuliza unataka ipi, nikamwambia ile ya rangi, ya mdomoni. Imezidi kidogo kukolea, lakini naona ni ndugu na yako. Kila asubuhi napaka, kama mswaki. Na ugoro nimeupunguza, usifikiri sikukusikia."

Maduka hayo yalikuwa yameota kila mtaa, na sikuwa na cha kumlaumu yule dada. Aliombwa jivii, akauza jivii. Nikamkalisha Osea kwenye gunia. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima namna ya kusema, na nilisema vizuri. Ninaamini mpaka leo kwamba nilisema vizuri.

"Kaka Osea, nilikuahidi jibu, na nimelileta mwenyewe. Seli za ulimi wako zimeharibika. Inaelekea ni kansa, na inaelekea ndiyo kwanza inaanza. Lazima uende Mbeya ukakatwe kinyama kidogo ili wahakikishe. Ukienda sasa, watatoa kipande kidogo, na utarudi hapahapa uendelee kupiga kelele. Ukichelewa watatoa kikubwa. Ile bluu haikuwa dawa, na hii ya zambarau haigusi kansa hata kidogo."

Kisha akanitazama kwa upole, kama mkubwa anavyomtazama mdogo aliyekosea hesabu.

"Mdogo wangu, sijasoma kama wewe, ila ngoja nikuulize. Siku ile uliona ulimi wangu kwa macho yako?"

"Niliuona."

"Ukaniona nina kansa, halafu ukanipaka rangi, ukaniacha niende nyumbani kwa miguu yangu? Mtu mwenye kansa hapakwi. Mtu mwenye kansa anabebwa. Ungekuwa umeona kitu kibaya, ungenitia kwenye gari lenu siku ileile. Ulinipaka kwa sababu ulijua ni kitu cha kupakwa."

Nikaanza upya, kutoka mwanzo. Siki, rangi, seli, hadubini. Aliitikia kila sentensi. Nilipomaliza akanipigapiga begani.

"Nimekuelewa kabisa. Nitakwenda. Maharage yakiisha nitakwenda."

Maharage yalipoisha mahindi yakaanza. Nilimfuata tena mara kadhaa, na kila mara aliniita mwokozi wake mbele za watu. Nilimwendea mkewe, Mama Neema, nikamweleza yote. Alilia, akamsihi. Osea akamjibu kwamba vijana wa chuo wana maneno mengi lakini dawa yao ni nzuri.

Alikuja mwenyewe hospitalini msimu uliofuata, akiongozwa na Mama Neema, taulo mdomoni. Harufu ilifika kabla yake. Kidonda kilikuwa kimekula upande mzima wa ulimi, na shingoni palikuwa na uvimbe mgumu. Alipoondoa taulo alizungumza polepole, kama mtu mwenye ugali mdomoni.

"Dokta. Dawa yako imeisha nguvu. Nipake tena."

Mzee Mwampashi alitoka nje ya chumba.

Mbeya walikata kinyama, na jibu likawa lile tulilolijua. Wakampeleka Dar es Salaam, ambako ndiko pekee tiba ya mionzi ilikopatikana. Walitoa karibu ulimi wote. Mama Neema aliuza shamba la kahawa walilopewa na wakwe zake ili akae naye kule. Walirudi baada ya muda mrefu, na Osea, kwa mazoea ambayo hakuna aliyeweza kumzuia, akarudi sokoni. Akakaa kwenye gunia. Nilikuwepo siku mnunuzi mmoja wa Nakonde, aliyekuwa hajavuka mpaka kwa miezi mingi, alipomwona na kumjia kwa furaha.

"Ba Osea! Mukwai, maharage bei gani leo?"

Osea akatazama chini.

"Aa, mmeanza ujanja mpya? Mnanyamaza ili mimi nipandishe bei mwenyewe? Semeni basi, mukwai!"

Hakuna aliyecheka. Mnunuzi akageuka kututazama mmoja mmoja, na tabasamu likamkauka usoni. Osea akanyoosha vidole vyake, akaonyesha bei, kisha akavirudisha vidole vile juu ya paja na kuvikunja. Siku iliyofuata hakuja, wala siku zilizofuata.

Baada ya hapo tuliamua kuiacha rangi. Tulikaa, mimi na Mzee Mwampashi, tukakubaliana kwamba tutatazama kwa tochi, tutapapasa kwa kidole, na tutakwangua palipo na shaka, bila kumpaka mtu chochote. Niliona ni uamuzi wa haki. Tulikwenda Hasamba, tukatangaza, tukapanga viti. Walikuja wachache. Walipoona hatupaki, walianza kuondoka, na mmoja aliniambia waziwazi, bila ubaya wowote, kwamba siku nyingine tukiwa na vifaa tuwaambie. Tulipokwenda mara ya pili hakuja mtu.

Nimeitafakari hesabu hiyo kwa maisha yangu yote ya kazi. Tukiwa na rangi, walikuja, na waliokuwa na kansa wakaenda nyumbani wakijiona wamepona. Bila rangi, hawakuja, na waliokuwa na kansa wakabaki nayo nyumbani. Niliuliza semina kwa semina, niliwauliza wakubwa, hakuna aliyenipa jibu. Tuliirudisha rangi. Tulibadilisha maneno, tukawaweka watu mbele ya kioo wajione, tukawatumia wazee wa kanisa waeleze kwa Kinyiha. Mmoja wao alieleza vizuri sana, kisha akamalizia kwa kuwatangazia waumini kwamba wataalamu wa dawa ya bluu wamefika, wasikose. Baadhi ya walioshika rangi walirudi. Wengi hawakurudi. Nilistaafu hali ikiwa hivyo, na singependa kuwadanganya ili muanze kazi mkiwa na moyo mwepesi.

Osea alifariki wakati mahindi yakiwa shambani bado mabichi. Wakati ule ndipo tulipokuwa tumeiacha rangi. Nilikwenda msibani pamoja na Mzee Mwampashi, tukakaa chini ya turubai na wanaume wa sokoni, wapakiaji, madalali, madereva. Mama Neema alipotoka kusalimia, aliniona, akaja akapiga magoti mbele yangu kwa adabu ile inayoumiza.

"Asante kwa kuja, shemeji. Watu wanasema mume wangu alikataa matibabu. Siyo kweli. Mwambie Mungu na watu, hakukataa dawa. Aliipaka kila siku."

Alisimama akaenda kwa wengine. Mpakiaji aliyekuwa amekaa pembeni yangu, mtu mzima mwenye mabega mapana na uvimbe wa ugoro chini ya mdomo, akanisogelea na kuniinamia sikioni, kwa sauti ya heshima inayofaa msibani.

"Samahani, dokta. Nasikia siku hizi mmeacha kupaka. Ile ya bluu mtaileta lini tena? Marehemu alituambia mwanzoni ilimsaidia sana."

Ninyi mnaoanza, nina ombi moja. Ukimaliza kumpaka mtu rangi ya kipimo, usimruhusu ainuke kwenye kiti. Mwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe umemfanyia nini. Usikubali aitikie tu, mwache aseme. Akikwambia umempa dawa, mkalishe, uanze upya, hata kama foleni inalalamika na gari linapiga honi.